Aljona Savchenko na mchezo usiochezwa peke yako

Ukifungua orodha ya mabingwa wa dunia wa vijana katika mchezo wa kuteleza barafuni kwa jozi, utakuta mwaka 1998 ni Ukraine, mwaka 1999 ni Ukraine, na mwaka 2000 ni Ukraine tena. Nchi yenyewe ilikuwa haijafikisha hata miaka kumi tangu ijitegemee. Mataji mawili ya mwanzo yalichukuliwa na Yulia Obertas na Dmytro Palamarchuk. La tatu lilichukuliwa na msichana wa miaka 16 aitwaye Aljona Savchenko, akiwa na mwenzake Stanislav Morozov, mjini Oberstdorf, kusini kabisa mwa Ujerumani. Nyuma yao alikuwa anakuja binti mwingine mwenye kipaji, Tatiana Volosozhar, mzaliwa wa Dnipropetrovsk, mji ambao leo unaitwa Dnipro.

Wahesabu vizuri mabinti hao watatu. Obertas alikwenda kuichezea Urusi. Volosozhar naye, baada ya miaka mingi ya kuichezea Ukraine, alikwenda Urusi. Savchenko alikwenda Ujerumani. Nchi iliyotoa mabingwa wa dunia wa vijana mara tatu mfululizo haikubaki na hata mmoja wa mabinti hao.

Watu wengi wakikutana na habari hii huuliza maswali ya uzalendo: kwa nini waliondoka, walipewa nini huko, waliwezaje kuvaa rangi za bendera nyingine. Nimemfuatilia Savchenko kwa miaka mingi, na naamini maswali hayo yanapita pembeni. Katika mchezo huu unaweza kuwa na kipaji cha kuwashinda wote duniani na bado ukakosa pa kucheza, kwa sababu umekosa mtu mmoja tu. Maisha yake yote ya mashindano yalikuwa ni kumtafuta mtu huyo, kumpata, kuachana naye na kuanza kutafuta upya.

Niseme nilivyofika kwake, maana sikuanza na yeye. Nilianza na mwenza wake, Robin Szolkowy. Mimi ni Mtanzania, na mwaka wa Olimpiki ya Vancouver nilipomwona kwenye televisheni kijana yule mweusi, mrefu, ametulia, akiwa na nembo ya Ujerumani kifuani, nilitaka kujua ametoka wapi. Kumbe baba yake ni Mtanzania. Mama yake ni Mjerumani, na Robin alizaliwa mwaka 1979 huko Greifswald, mji wa pwani ya Baltiki, enzi zile ikiwa bado Ujerumani Mashariki. Nilifurahi kama mtu aliyeambiwa ana ndugu mahali asipotarajia. Basi nikawa natafuta video zake, na kila video lazima yule dada mdogo wa Kiukraine awepo. Taratibu macho yangu yakahama. Robin nilimpenda na bado nampenda, lakini aliyenifanya nikeshe ni Aljona.

Kwa asiyeujua mchezo huu, nitaeleza kidogo, kwa sababu bila hapo habari yote inakosa uzito. Wapo wanaodhani kuteleza kwa jozi ni dansi ya barafuni. Dansi ipo, ni mchezo mwingine kabisa wenye sheria zake. Kwenye jozi, mwanamume anamnyanyua mwanamke juu ya kichwa chake kwa kunyoosha mkono, wakati mwingine mkono mmoja tu, huku miguu yake ikizunguka kwa kasi juu ya chuma chenye upana wa milimita 4 hivi. Kuna kumrusha mwanamke juu, azunguke hewani mara tatu akiwa amelala ubavu, kisha kumdaka kiunoni kabla hajagusa barafu. Kuna mzunguko wa kifo, ambapo mwanamume anasimama katikati kama nguzo na mwanamke anamzunguka akiwa ameshikwa mkono mmoja, mwili umelala, nywele karibu zifagie barafu. Kuna kuruka sambamba, kila mtu kivyake, lakini kwa wakati mmoja na kwa urefu mmoja.

Halafu kuna mrusho, na huo ndio uliokuwa wake Savchenko. Mwanamume anamshika kiunoni wakiwa katika mwendo mkali, anamtupa mbele, naye anaruka mita kadhaa peke yake, anazunguka mara tatu, kisha anatua kwa mguu mmoja akienda kinyumenyume. Hakuna wa kumdaka. Akikosea anaangukia nyonga, goti, au mkono. Ukiutazama polepole utaona kwamba mwanamume akiwahi kidogo au akichelewa kidogo, mwanamke hawezi kurekebisha chochote akiwa hewani.

Umewahi kuona kina mama wawili wakitwanga kinu kimoja? Mchi wa huyu ukipanda, wa yule unashuka, hakuna anayemtazama mwenzake na hakuna anayehesabu. Watu hao wawili hawakukutana jana. Kuelewana kwa namna hiyo ndiko kunakotafutwa kwenye jozi, na huchukua miaka. Ndiyo maana mwenza akiondoka huwezi kusema utachukua mwingine kesho. Mwaka 2001 Obertas na Palamarchuk walikuwa wanacheza mashindano jijini Paris, mwanamume amemnyanyua mwenzake juu, kiatu chake kikanasa kwenye barafu wakaenda chini wote wawili, na Palamarchuk akapiga kichwa, akapoteza fahamu uwanjani mbele ya watu. Hujafa hujaumbika. Baadaye ndipo Obertas alipoanza na mwenza mwingine, chini ya bendera nyingine.

Savchenko alizaliwa tarehe 19 Januari 1984 huko Obukhiv, mji mdogo kusini mwa Kyiv, kama kilomita 45 hivi. Ana ndugu wa kiume watupu. Viatu vya kwanza vya kuteleza aliletewa na baba yake akiwa na miaka mitatu, na alianzia kwenye maji yaliyoganda karibu na nyumbani. Uwanja wa barafu wa maana ulikuwa Kyiv. Kwa hiyo utoto wake ulikuwa wa kuamka alfajiri gizani, kupanda basi kwenda mjini, kufanya mazoezi, kisha kurudi. Nikifikiria miaka ile ya 90 mwanzoni, Muungano wa Kisovyeti umevunjika, fedha haina thamani, makocha wanaondoka mmoja mmoja kwenda Marekani na Ulaya Magharibi, naona jinsi safari ile ya basi ilivyohitaji wazazi wenye moyo. Viatu hivyo ni ghali, na mtoto anakua, kila baada ya muda mfupi havimtoshi tena.

Mwaka 1994, Aljona akiwa na miaka kumi, Oksana Baiul mwenye miaka 16 alitwaa dhahabu ya Olimpiki kule Lillehammer, dhahabu ya kwanza ya Ukraine huru katika michezo ya majira ya baridi. Baada ya muda mfupi Baiul alihamia Marekani. Watoto waliokuwa wanateleza Kyiv waliyaona yote mawili: kwamba mtu wa kwao anaweza kuwa namba moja duniani, na kwamba akishakuwa namba moja anakwenda kuishi kwingine.

Mwenza wake wa kwanza alikuwa Dmytro Boyenko. Walikwenda mashindano ya dunia ya vijana ya mwaka 1998 wakashika nafasi ya 13, katika mashindano yaleyale ambayo Obertas na Palamarchuk walichukua dhahabu. Kisha kocha Halyna Kukhar akamuunganisha na Stanislav Morozov, aliyemzidi miaka mitano, na hapo mambo yakaanza kwenda mbio. Machi 2000 ndilo lile taji la Oberstdorf. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya dunia ya wakubwa huko Vancouver, walikuwa wa 9. Msichana wa miaka 17 kuwa wa tisa duniani kati ya watu wazima ni jambo kubwa, na mtu yeyote aliyekuwa anafuatilia angesema medali za Ukraine zinakuja.

Olimpiki ya Salt Lake City, Februari 2002, walimaliza wa 15. Baada ya hapo jozi ikavunjika.

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Ana miaka 18. Amewahi kuwa bingwa wa dunia wa vijana. Ameshacheza Olimpiki. Lakini hana mwanamume wa kuteleza naye, na ndani ya Ukraine wanaume wenye kiwango chake wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mkimbiaji akigombana na kocha wake bado anaweza kwenda barabarani akakimbia. Mcheza tenisi anaweza kupiga mpira ukutani. Mwanamke wa jozi asiye na mwenza anaweza kuingia uwanjani, akaruka, akazunguka, akachora miduara kila siku, na yote hayo hayahesabiki popote. Hakuna mashindano ya nusu jozi.

Alikaa hivyo zaidi ya mwaka mmoja. Mwaka 2003 alikwenda Chemnitz, mji wa viwanda mashariki mwa Ujerumani, kufanya majaribio na Robin Szolkowy, ambaye naye alikuwa amebaki bila mwenza. Kocha alikuwa Ingo Steuer, bingwa wa dunia wa mwaka 1997 kwenye mchezo huohuo. Walijaribu, wakaelewana, akabaki. Kijerumani hajui, ndugu hana. Nawajua Watanzania waliofika Ulaya wakiwa na umri huo, na wote husema mwaka wa kwanza haukuwa na kitu kingine zaidi ya kazi. Kwake kazi ilikuwa barafuni, na nadhani hilo ndilo lililomshika asirudi.

Sheria za uraia nazo zina mambo yake. Kwenye mashindano ya Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza, jozi inaweza kuiwakilisha nchi hata kama ni mmoja tu kati yao ndiye raia, mradi yule mwingine ameachiwa na shirikisho lake la zamani na muda wa kusubiri umepita. Olimpiki hawana msamaha huo. Wote wawili lazima wawe raia. Kwa hiyo Savchenko na Szolkowy walicheza kwa jina la Ujerumani kabla yeye hajawa Mjerumani, wakati saa ya Turin 2006 inakimbia. Uraia ulitoka wiki chache tu kabla ya michezo, mwishoni mwa 2005. Turin walikuwa wa 6.

Wakati huohuo dhoruba nyingine iliwaka. Kabla ya Turin ilifahamika hadharani kwamba Steuer, akiwa kijana, aliwahi kuwa mtoa habari wa Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki. Kamati ya Olimpiki ya Ujerumani ilitaka asiende. Yeye akaenda mahakamani na akaruhusiwa. Kwa miaka iliyofuata wanamichezo hawa wawili walishinikizwa wamwache, na hawakumwacha. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya Steuer, na walioumizwa na Stasi wana haki ya kukasirika mpaka leo. Lakini kwa Savchenko, aliyekuwa ameshaonja kubaki peke yake, kuambiwa avunje tena kile alichokijenga lilikuwa jambo ambalo hakuweza kulikubali, na mimi namwelewa.

Baada ya hapo mataji yalikuja mfululizo na sitayasimulia moja moja. Mabingwa wa Ulaya 2007, 2008, 2009 na 2011. Mabingwa wa dunia 2008 kule Gothenburg, 2009 Los Angeles, 2011 Moscow, 2012 Nice, 2014 Saitama. Kila msimu walikuwa wakijaribu kitu ambacho wengine walikiogopa. Robin alikuwa utulivu, mabega yaliyonyooka na mikono isiyotetereka. Aljona, mwenye urefu wa mita moja na nusu hivi, alikuwa moto. Nilikuwa nazirudia sekunde za kabla ya mrusho: yeye tayari anatazama anakokwenda kutua, Robin bado anatazama anakomtoa.

Olimpiki tu ndiyo iliyokuwa inawakataa. Vancouver 2010 walifika wakiwa mabingwa wa dunia mara mbili. Kila jozi hucheza programu mbili, fupi na ndefu, na alama zake hujumlishwa. Programu yao ndefu ilichezwa kwa muziki wa filamu inayohusu maisha ya walowezi nchini Kenya, jambo ambalo lilinifanya nisogeze kiti karibu na televisheni. Baada ya programu fupi walikuwa wa pili, nyuma ya Shen Xue na Zhao Hongbo wa China kwa pungufu ya alama moja. Kwenye ndefu Robin alianguka. Shaba. Nilisikitika sana, kisha nikamwona jinsi Aljona alivyomshika mkono walipokuwa wanasubiri alama, nikajua hawa hawataachana kwa sababu ya kuanguka.

Mashindano ya Nice mwaka 2012 ndiyo yaliyonifundisha jinsi desimali zinavyoweza kuuma. Savchenko na Szolkowy walipata 201.49. Waliowafuata, Volosozhar na Maxim Trankov wa Urusi, walipata 201.38. Tofauti ya alama 0.11. Kati ya watu wanne waliokuwa wanapigania dhahabu ile, wanawake wote wawili ni wazaliwa wa Ukraine. Na kuna zaidi: Volosozhar, kabla ya kwenda Urusi, alikuwa mwenza wa Stanislav Morozov, yuleyule Morozov aliyechukua taji la vijana na Savchenko. Volosozhar na Morozov hata walihamia Chemnitz kufanya mazoezi chini ya Steuer, kwa hiyo kwa muda Savchenko alikuwa anazunguka uwanja mmoja na mwenza wake wa ujana aliyekuwa anamnyanyua mwanamke mwingine. Morozov alipostaafu kuteleza akawa mmoja wa makocha wa Volosozhar na Trankov. Ukilifuata kundi hili utaona kwamba kile kilichopandwa Kyiv miaka ya 90 ndicho kilichovunwa Ulaya nzima.

Olimpiki ya Sochi, tarehe 12 Februari 2014. Volosozhar na Trankov walichukua dhahabu kwa 236.86, mbali na kila mtu. Fedha ilikwenda kwa Warusi wengine, Ksenia Stolbova na Fedor Klimov, 218.68. Savchenko na Szolkowy walikuwa na 215.78. Mwishoni mwa programu yao, wakijua dhahabu imeshaondoka, walijaribu mrusho wa Axel, aina ya mruko, wa mizunguko mitatu na nusu, kitu ambacho karibu hakuna aliyekithubutu. Aljona alianguka. Wapo waliosema ulikuwa ujinga, kwamba wangefanya kitu rahisi wapate fedha. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyetoka Obukhiv kwa basi la alfajiri hakwenda kote huko kuchagua kilicho rahisi.

Kilichonikaa zaidi kutoka siku ile ni jukwaa lenyewe. Binti wa Dnipropetrovsk juu, bendera ya Urusi. Binti wa Obukhiv ngazi ya tatu, bendera ya Ujerumani. Na Kyiv kwenyewe, Uwanja wa Uhuru ulikuwa umejaa watu waliokuwa wamekesha kwenye baridi kwa wiki nyingi. Siku chache baadaye, kati ya tarehe 18 na 20, waandamanaji walipigwa risasi na kuuawa pale. Kabla Machi haijaisha, Urusi ilikuwa imeitwaa Krimea. Sijui mtu anabebaje medali shingoni wakati kwao kunawaka.

Mwezi mmoja baadaye walishinda ubingwa wa dunia wa tano huko Saitama, Japani, na Robin akastaafu. Alikuwa na miaka 34. Aljona alikuwa na 30. Kila mtu, nami nikiwemo, alitarajia astaafu naye. Medali mbili za shaba za Olimpiki na mataji matano ya dunia ni maisha kamili ya mwanamichezo.

Akaanza kutafuta mtu.

Safari hii alikuwa Bruno Massot, Mfaransa wa Caen, mdogo wake kwa miaka mitano, mrefu, mwenye nguvu, lakini ambaye hakuwa na jina kubwa. Waliweka kambi Oberstdorf kwa kocha Alexander König. Ndiyo, Oberstdorf ileile alikobeba taji akiwa na miaka 16 kwa jina la Ukraine. Kisha wakasubiri. Shirikisho la Ufaransa halikumwachia Massot haraka, na mpaka barua ilipotoka, vuli ya 2015, na baada ya malipo, mwaka mzima na zaidi ulikuwa umekwenda wakifanya mazoezi bila kuruhusiwa kushindana kimataifa. Ukiwa na miaka 31, mwaka unaokwenda hivyo ni mali. Kisha lile suala la uraia likajirudia, sasa kwa mwenzake: ili acheze Olimpiki ilibidi Massot awe Mjerumani, na ili awe Mjerumani ilibidi afaulu mtihani wa lugha, ambao ulimsumbua. Uraia wake ulipatikana Novemba 2017. Michezo ilikuwa Februari.

Matokeo yalikuwa yanapanda polepole: shaba ya dunia Boston 2016, fedha Helsinki 2017, na katikati yake Aljona aliumia kano za kifundo cha mguu kwa kuanguka kwenye mrusho uleule wa Axel. Alirudi tena.

Olimpiki ya PyeongChang, programu fupi. Massot alitakiwa kuruka Salchow, aina nyingine ya mruko, ya mizunguko mitatu sambamba na Aljona. Akazunguka mara mbili tu. Kosa dogo kulitazama, lakini liliwaweka nafasi ya nne kwa 76.59, nyuma ya Sui Wenjing na Han Cong wa China wenye 82.39. Karibu alama sita. Kwenye mchezo ambao huko Nice uliamuliwa kwa 0.11, alama sita ni mlima. Nilizima simu nikajiambia basi, Olimpiki ya tano nayo imemkataa.

Kesho yake, tarehe 15 Februari 2018, waliingia kabla ya wapinzani wao wakuu watatu. Dakika nne na nusu. Programu ilitungwa kwa ushirikiano na Christopher Dean, yule Mwingereza wa dansi ya barafuni aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984, mwaka ambao Aljona alizaliwa. Inaanza kimya, na ndani yake kuna ule mrusho wa kumdaka: Massot alimpandisha juu mno hivi kwamba alipokuwa anashuka alikuwa ameshamaliza kuzunguka na anasubiri mikono. Salchow ya mizunguko mitatu, ileile ya jana, Massot akaitua. Kila kitu kikaenda. Mrusho wa kwanza, akatua. Wa pili, akatua, goti limeinama, mguu wa nyuma umenyooka, mwendo haukupungua hata kidogo. Walipomaliza wote wawili walikuwa chini kwenye barafu wanalia.

Alama zilikuwa 159.31, rekodi ya dunia kwa programu ndefu wakati ule, jumla 235.90. Halafu wakakaa kusubiri, na kusubiri huko ndiko kugumu kuliko kuteleza. Meagan Duhamel na Eric Radford wa Kanada walipata 230.15. Sui na Han walifikia 235.47. Evgenia Tarasova na Vladimir Morozov wa Urusi, waliokuwa wa pili siku iliyotangulia, walifanya makosa wakaangukia nafasi ya nne. Mmoja wa makocha wa Warusi hao, aliyesimama ukingoni mwa uwanja, alikuwa Robin Szolkowy.

Dhahabu, kwa tofauti ya 0.43. Alikuwa na miaka 34, kwenye Olimpiki yake ya tano, miaka 16 tangu Salt Lake City. Ujerumani ilikuwa haijapata dhahabu ya jozi tangu Ria na Paul Falk mwaka 1952. Mwezi uliofuata, Milan, walichukua ubingwa wa dunia kwa 245.84 na kuivunja rekodi yao wenyewe ya programu ndefu. Ulikuwa ubingwa wake wa sita na medali yake ya 11 ya dunia.

Kwenye vitabu vya rekodi, medali zote hizo zimeandikwa Ujerumani, na ni haki, maana Ujerumani ndiyo iliyompa barafu, kocha na wenza. Lile taji la 2000 limeandikwa Ukraine, na hilo pia ni haki. Ninachokataa ni watu wanaozungumza juu yake kana kwamba aliuza kitu. Mwaka 2003 hakukuwa na mtu Kyiv aliyemwambia baki, tumekupatia mwenza.

Kama hujawahi kumtazama, usianze na PyeongChang. Anza na programu ndefu ya Nice 2012, umtazame Robin zaidi kuliko yeye, uone mwanamume anavyoweza kumfanya mwenzake aonekane hana uzito. Kisha nenda Sochi, ukatazame ule mrusho wa mwisho na usifumbe macho anapoanguka. Angalia anavyoamka, maana anaamka akiwa tayari anafuata muziki. PyeongChang iache mwisho. Na ukifika kwenye mrusho wa pili, simamisha video kabla hajatua, uangalie mahali alipo na mahali Massot alipo. Umbali ule kati yao hakuna kocha anayeweza kuupima, na Aljona alikuwa ameuvuka tangu akiwa msichana.